Ardith Skaggs na Sheria ya Mlango

Kama uliwahi kumwona mwanamke anaendesha basi la shule mwezi wa Januari, theluji imefika magotini, jua halijaonekana wiki nzima, na bado kavaa miwani myeusi ya jua, basi huyo alikuwa Ardith Skaggs. Na kama wewe ni mtu wa kaunti ya Brannock, hukumuuliza kitu. Hakuna aliyemuuliza. Watoto waliopanda basi lile ndio waliokuwa wakijua la kufanya. Wakiiona miwani, wanajua nyumbani kwa mama huyu kulichafuka, basi wanakaa kimya njia nzima, na wakati wa kushuka mmoja mmoja anasema, "Ahsante, mama Ardith." Watoto wale walikuwa na adabu kuliko wazazi wao.

Brannock iko mwendo wa saa moja kutoka Louisville, jimbo la Kentucky, na Ardith aliijua yote kwa usukani. Alijua mbwa wa nani hufukuza matairi, daraja lipi huganda kwanza, na ni shamba gani la tumbaku liligeuka mtaa wa nyumba za watu wa mjini, zote rangi moja, na watoto wao hata salamu hawajui. Alfajiri nusu ya kaunti inakwenda Louisville kubeba maboksi kwenye maghala, jioni inarudi imechoka na inatafuta wa kumkasirikia. Mwezi wa kumi na moja ni kuwinda kulungu, Jumapili ni kanisani, na Julai ni maonyesho ya kaunti. Siku ya mwisho ya maonyesho ni mchezo wa kugongana magari, ambapo gari la mwisho kutembea ndilo linaloshinda, na siku hiyo hata mgonjwa hutolewa kitandani akaletwa na godoro lake.

Mchezo wenyewe aliurithi kwa baba yake, Hollis Pruitt, mkulima wa tumbaku mwenye mdomo mchafu na mikono ya dhahabu. Hollis alimfundisha kuchomelea chuma kabla hajajua kusuka nywele zake. Alimfundisha kugonga kwa nyuma, kwa buti, maana ukigonga kwa mbele unapasua rejeta yako mwenyewe kama mjinga. Na alimfundisha sheria. Mlango wa dereva unapakwa rangi nyeupe, na mlango ule haugongwi. Gonga matairi, gonga boneti, lipasue gari la mwenzio mpaka litapike mafuta, lakini mlango mweupe uache. Kando ya mlango kuna kijiti kimefungwa kwa gundi. Ukishindwa unakivunja, na aliyevunja kijiti haguswi tena hata kwa kucha.

"Mlango ule usiuone bati, mwanangu," Hollis alikuwa akimwambia. "Ule ni mtu."

Brannock mtu anaweza kukuibia nguruwe, akakuchukulia mke, na mwaka unaofuata akachaguliwa shemasi wa kanisa. Lakini akigonga mlango, huyo ameoza. Mjukuu wake ataambiwa.

Doyle Skaggs hakuwahi kugonga mlango. Doyle alikuwa bingwa, tena bingwa wa kupendwa, mrefu, cheko tele, dereva wa lori la kokoto, mtu wa kumsukumia ajuza pikapu yake kwenye matope bila kuombwa. Ardith alimpenda kwa roho yake yote, na sitaki mtu aniambie alikuwa mpumbavu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo huchaguliwa ikiwa dukani, ikiwa safi.

Kofi la kwanza lilikuja mwaka wa arusi, kwa ajili ya maharage yaliyoungua. Baada ya hapo maharage hayakuhitajika tena. Doyle alipiga akishindwa mchezo, akapiga akishinda na mtu akasahau kumpongeza. Alimpiga kwa mkanda, kwa bomba la maji, kwa buti la kazini. Mara moja alimburuta kwa nywele kutoka kibarazani mpaka kwenye pikapu, mchana kweupe, kisigino cha Ardith kikichora mstari kwenye changarawe. Kitu kilichomwasha hasira kuliko vyote kilikuwa kuchekwa. Mtu huyu angeweza kuvumilia njaa, baridi, hata msumari kwenye nyama, lakini ukimcheka mbele za watu anageuka kitu kingine kabisa. Macho yanakuwa meupe. Ardith aliyajua macho yale kuliko alivyozijua sala zake.

Majira ya baridi yaliyopita alimvunja taya kwa kikaango cha chuma, kile cha kuokea mkate wa mahindi. Ardith akaona sasa basi, imetosha. Alikwenda kwa naibu sherifu, Curtis Skaggs, ambaye kwa bahati yake mbaya ni binamu wa Doyle.

"Shemeji," Curtis alimwambia, miguu juu ya meza, "hakuna nyumba isiyo na moshi. Nenda kapike kitu kizuri, atatulia."

"Nipike kwa nini, Curtis?" Ardith alijibu kwa meno yaliyofungwa waya. "Kikaango chenyewe ndicho kilichonivunja."

Curtis alicheka. Wallace, askari wa zamu, naye akacheka. Lo, watu wana moyo!

Ardith akapeleka shauri kwa hakimu. Hakimu hakucheka, lakini hakusaidia. Doyle alisimama mbele yake na shati la kanisani akasema mke wangu aliteleza kwenye ngazi. Hakimu akamgeukia Ardith: "Bibi Skaggs, taya naliona. Mwanasheria wake ataniuliza nani aliona akikupiga. Nipatie shahidi mmoja. Mmoja tu, nami nitamtoa mtu huyu ndani ya nyumba yako leo hii."

Shahidi mmoja. Ardith alivuka barabara kwa Bi Opal Meeks, jirani yao, mjane aliyemjua tangu akiwa mtoto, aliyekuwa amekaa kibarazani kwake akimenya maharage siku ile ya kuburutwa. Walitazamana macho kwa macho siku ile, Ardith akiwa chini, Opal akiwa na bakuli mapajani.

"Macho yangu, mwanangu," Opal alisema, akipangusa mikono kwenye aproni. "Siku hizi hata kuku wangu siwaoni."

Wiki ileile Bi Opal alimpiga risasi mbweha aliyekuwa akinyemelea kuku haohao, kutoka kibarazani mpaka ng'ambo ya bustani, risasi moja. Akamtundika uani watu wamwone.

Ardith alirudi nyumbani, akaendelea kuvaa miwani. Lakini mwezi wa Mei Doyle aligusa kile ambacho hakutakiwa kukigusa. Walikuwa na binti mmoja, Merrilee, wa miaka kumi na minne, mkimya, mwenye uso wa babu yake. Siku hiyo Doyle alikuwa amemkaba Ardith kwenye nguzo ya kibaraza, Merrilee akaingia katikati akamuuma baba yake mkono. Doyle alimnyanyua mtoto kama gunia akamrusha nje. Mkono wake ulitangulia chini na Ardith alisikia mlio. Mfupa ulichungulia nje ya ngozi. Njia nzima ya kwenda hospitali mjini Doyle aliendesha akimfundisha mtoto cha kusema: ulianguka kwenye farasi, sema, ulianguka kwenye farasi. Mtoto akasema. Hata farasi hawakuwa naye.

Asubuhi iliyofuata Ardith aliishusha bunduki ya marehemu Hollis ukutani, akaitia risasi, akakaa jikoni akimsubiri Doyle aamke. Alikaa na hasira yake mpaka kahawa ikapoa. Halafu akafikiri: nikimuua nitafungwa, na Merrilee atapelekwa kwa mama yake Doyle, yule aliyemlea Doyle. Hapana. Alichohitaji si risasi. Alichohitaji ni kile alichokisema hakimu. Na kama watu wa Brannock hawana macho ya kuona kibarazani, basi angewaonyesha mahali ambapo wote wana macho.

Alikwenda kwenye mkahawa wa njia panda, saa ambayo wanaume wote wanapata chai nzito na soseji, Doyle akiwa katikati yao. Ardith alimwendea Wendell Ault, mkuu wa wazima moto wa kujitolea, mzee mwenye tumbo na haki, ambaye ndiye mwamuzi wa mchezo.

"Wendell, niandikishe."

"Kwenye ule wa akina mama, sivyo?"

"Kwenye mkubwa. Ule wa mume wangu."

Mkahawa ulilipuka. Toby Rusk, fundi matairi, aligonga meza mpaka vikombe vikaruka. "Doyle, ukigongwa na mkeo utalala na kuku!"

"Mwacheni aje," Doyle alisema, meno nje. "Nitamkunja kama kopo la bia."

"Usimkunje sana," mwingine akadakia, "nani atakupikia?"

Wakacheka tena. Doyle naye alicheka, lakini ndani ya pikapu alimpiga Ardith kiwiko cha mbavu mpaka akaona nyota. "Unanifanya kichekesho?" Akamwamuru ajitoe. Ardith akamwambia, kwa pumzi iliyobaki, "Nitajitoa. Nitawaambia Doyle ananiogopa." Basi ikaisha hapo. Mwanamume alikuwa amenaswa na kiburi chake mwenyewe.

Kwenye banda la kukaushia tumbaku kulikuwa na gari kuukuu la Hollis, Buick la bati zito. Ardith aliling'oa vioo, akahamisha tangi la mafuta nyuma ya kiti, akafunga milango kwa minyororo. Halafu akaanza kuchomelea mlango wa dereva kwa ndani. Kuuimarisha sheria inaruhusu, lakini watu hutia kipande cha bomba basi wakaridhika. Ardith alitia kipande cha chuma cha kingo za barabara kuu, kile kinachozuia malori yasitumbukie bondeni, na juu yake kingine, na juu yake godoro.

Merrilee alisimama na mkono wake wa plasta akimtazama. "Mama, mbona unaujaza chuma hivyo? Si mlango haugongwi?"

Ardith alizima moto, akafunua uso, akamtazama mwanawe. Mtoto akaelewa.

"Atakuua."

"Pengine. Lakini safari hii wataona."

Siku ya mchezo jua lilikuwa bado kali, majukwaa yamejaa mpaka watu wamekaa kwenye paa za malori. Wazima moto walimwagia uwanja maji mpaka ukawa uji. Magari yakapangwa kwa safu mbili, migongo ikitazamana. Kaunti nzima ikahesabu kinyumenyume kwa sauti moja, Wendell akashusha bendera, na ardhi ikatikisika.

Mungu wangu, kishindo kile! Pigo la kwanza lilimrusha Ardith mbele mpaka mkanda ukamkata bega. La pili aligonga yeye, kwa buti, akaivunja ekseli ya mtu hata jina lake hakulijua. Matope yalimjaa mdomoni. Mvuke ulikuwa ukipuliza kutoka kwenye marejeta yaliyopasuka, matairi yakiungua, bati likilia. Toby Rusk alimjia kwa nyuma kasi yote, Ardith akakwepa kwa upana wa kiganja, Toby akapanda ukuta wa magogo akabaki ananing'inia. Kijiti cha kwanza kikavunjwa, cha pili, halafu vingi. Alikuwa akigonga na kulia kwa pamoja, na hakujua kama analia. Kila pigo lilikuwa na jina lake: hili la maharage, hili la bomba, hili la taya langu, shetani we.

Mwisho wakabaki wawili. Majukwaa yalisimama.

Doyle alimjia kwa nyuma akamkunja buti lote. Ardith akamrudia. Alimgonga gurudumu la mbele mara mbili mahali palepale, kama alivyofundishwa, na mara ya pili gurudumu likalala chini kama mguu wa kuku aliyechinjwa. Doyle akawa anaweza kwenda kwa kukokota tu, akizunguka. Watu walianza kuimba, "Ardith! Ardith!" Mtangazaji akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Doyle, kaka, kuku wanakusubiri!" Maelfu ya watu wakacheka.

Ardith angeweza kummaliza hapo. Badala yake alisogeza Buick polepole mpaka mbele yake, akaligeuza likakaa ubavu, mlango mweupe ukimtazama Doyle. Akazima injini. Kukawa kimya, watu hawaelewi. Akatoa mkono dirishani, akakivunja kijiti chake, akakiinua juu kaunti nzima ikaona vipande viwili.

"Chukua, Doyle," alisema, na kwa ukimya ule walimsikia mpaka nyuma. "Shinda, baba. Nimekuhurumia."

Kicheko kilichofuata hakijawahi kusikika Brannock. Watu walishikana wasianguke. Ardith hakucheka. Alikuwa akitazama kupitia tundu la dirisha la mlango wake, na aliyaona macho ya Doyle yakiwa meupe. Ardith alikuwa anaogopa, anaogopa sana, mkojo ulimtoka, lakini alikaa palepale.

Wendell alikuwa ameshapeperusha bendera nyekundu ya kusimamisha mchezo. Doyle alirudi nyuma, gurudumu bovu likilima matope, akarudi mpaka ukutani. Halafu akakanyaga mafuta mpaka mwisho, akaja.

Aliupiga mlango mweupe katikati kabisa.

Buick liliruka likalala ubavu wa pili, halafu likaanguka tena kwa magurudumu. Ardith alisikia nyonga yake ikivunjika. Alisikia paja. Chuma cha barabara kuu kilipinda kikaja mpaka mbavuni kikasimama hapo. Doyle alikuwa anarudi nyuma aje tena. Hakuwahi. Ukelele ulitoka majukwaani, si wa kushangilia, na watu wakamwagika juu ya uzio. Toby Rusk alifika wa kwanza. Walimtoa Doyle kwa dirisha, wakampiga kwa ngumi, kwa buti, kwa kofia yake mwenyewe, wanaume waliokuwa wakila naye soseji, na wanawake nao. "Mlango! Umegonga mlango, mbwa we! Kijiti kimevunjwa!" Meno yake yalibaki kwenye matope. Wendell alikuwa analia kwa hasira. Aliyemtia pingu ni Curtis, naibu sherifu, naye kabla ya kumtia alimpiga teke la tumbo.

Ardith aliyatazama yote kupitia damu. Alidhani atafurahi. Lakini alichokisikia kifuani kilikuwa hasira mpya, kubwa kuliko ile aliyokuja nayo. Kumbe waliweza! Wakati wote ule, kumbe walikuwa na miguu ya kuruka uzio.

Walimpeleka hospitali mjini. Walimtia vyuma nyongani, wakamwambia atatembea, kwa kuchechemea. Mwendesha mashtaka, yule ambaye majira ya baridi hakuwa na hata nusu ya shahidi, sasa alikuwa akiwakimbia. Watu walipiga foleni mahakamani kusema nimeona, nimeona, niapisheni mimi. Doyle alinyimwa dhamana. Hakimu alitimiza ahadi yake na kumpiga marufuku kuikaribia nyumba aliyoachiwa Ardith na Hollis, na Merrilee alilala usiku mzima bila kuweka kiti nyuma ya mlango.

Siku moja Bi Opal Meeks alikuja wodini na bakuli la maharage ya kuoka limefunikwa kwa kitambaa. Merrilee alikuwa amekaa dirishani. Opal alivuta kiti, akaushika mkono wa Ardith kwa mikono yake mizee.

"Mwanangu, nilikuwa safu ya juu kabisa, nimeona kila kitu. Nimemwambia hakimu kila kitu. Yaani kugonga mlango! Na umeshavunja kijiti! Ardith, tangu nizaliwe sijawahi kukasirika vile."

Ardith alimtazama.

"Hujawahi, Bi Opal?"

Opal aligeukia dirishani. Akamtazama Merrilee, akautazama mkono wake wa plasta. Halafu akainama juu ya bakuli lake akaanza kulia, kilio cha mtu mzima, mabega yakiruka. Ardith aliuondoa mkono wake taratibu, akaugeuza uso ukutani, akamwacha alie.